Si Kila Kitu ni "Mtandao": Walimu Watarajiwa Tujifunze Kupima API

Wiki ya usajili ikifika, kuna sentensi moja inayozunguka korido zote: "Mtandao unasumbua." Fomu imegoma, ni mtandao. Matokeo hayaonekani, ni mtandao. Namba ya malipo haijatoka, mtandao tena. Na anayelalamika muda huohuo anaangalia video kwenye simu ileile bila kukwama. Sasa huo ni mtandao gani unaosumbua upande mmoja tu?

Hoja yangu ni kwamba sisi wa ualimu tusiwaachie vijana wa kompyuta peke yao jambo hili. Kila mwanafunzi wa elimu, awe wa Kiswahili, wa Jiografia au wa Hisabati, ajifunze kutumia kifaa cha kupima API kabla hajamaliza chuo.

API ni kama dirisha la ofisi. Unapeleka ombi lililoandikwa kwa utaratibu, unapokea jibu. Programu kwenye simu yako hukuendea dirishani, halafu hukuonyesha kile tu ilichopangiwa kuonyesha. Postman hukusimamisha wewe mwenyewe dirishani. Ilianza mwaka 2012 kama kiongezo kidogo cha kivinjari cha Chrome, kazi ya Abhinav Asthana wa India, na hadi leo unaweza kuanza nayo bila kulipa.

Kuanza si kazi. Fungua ombi jipya, chagua GET, bandika anwani https://jsonplaceholder.typicode.com/posts/1, kisha tuma. Hiyo ni API ya mazoezi, imewekwa wazi kwa ajili yetu wanaojifunza. Utapata jibu fupi na namba 200, maana yake ombi limekubaliwa. Badilisha 1 iwe 9999, utapata 404: ulichoomba hakipo. Badilisha GET iwe POST, ondoa namba ya mwisho ibaki /posts, tuma tena. Sasa inakuja 201, yaani kitu kipya kimeundwa, ingawa hapo seva inaigiza tu na haihifadhi chochote.

Namba hizo ndizo ninazozipigania. Zinazoanza na 4 husema tatizo liko kwenye ombi: 401 hujajitambulisha, 403 umetambulika ila huruhusiwi. Zinazoanza na 5 husema seva yenyewe imeshindwa. Mara nyingi huonekana hata kwenye kivinjari cha kawaida, ila sisi tunazipita kama tangazo. Mwanafunzi anayezungushwa ofisi hadi ofisi huku siku ya mwisho ya usajili inakaribia anahitaji kujua tofauti hiyo. Akisema "inagoma", ataambiwa akajaribu tena. Akisema "saa nne asubuhi nilipata 500, na hii hapa picha yake", si rahisi kumwambia kosa ni la simu yake.

Tena Postman ina sehemu ya kuandika majaribio. Kabla ya kutuma, unaandika unachotarajia: jibu liwe 200, liwe na jina, lisizidi muda fulani. Kisha mashine inasahihisha. Jamani, huo si mwongozo wa kusahihisha tunaofundishwa kuuandaa kabla ya mtihani? Anayesoma ualimu anaelewa wazo hili haraka kuliko anavyodhani.

Najua swali linalokuja: mwalimu wa Jiografia API ya nini? Chukua Open-Meteo, inayotoa taarifa za hali ya hewa bila ufunguo kwa matumizi yasiyo ya biashara. Weka latitudo -6.8 na longitudo 39.28, unapata joto la Dar es Salaam la sasa hivi. Weka -8.9 na 33.45, uko Mbeya. Sasa waambie wanafunzi waondoe alama ya kutoa kwenye ile 6.8. Wamevuka ikweta, wametua Ethiopia! Somo la latitudo kwa vitendo, halikuhitaji ramani ya ukutani iliyochanika.

Wengine watasema hawana laptopu wala bando. Ni kweli, na si jambo dogo. Lakini jibu la API ni maandishi machache, halifiki hata robo ya video moja ya kuchekesha. Ombi la GET unaweza kulituma kwa kubandika anwani kwenye kivinjari cha simu. Kompyuta za maabara zenye Windows ya tangu 2018 nyingi zinakuja na curl, inayofanya kazi hiyohiyo kwa mstari mmoja wa amri.

Ila tusielewane vibaya. Kujifunza kupima si ruhusa ya kupekua mfumo wa chuo. Kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na alama za mwenzako si uwanja wa mazoezi. Nywila na funguo zako usizibandike kwenye kazi unayogawa kwa wengine. Fanyia mazoezi penye ruhusa.

Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo: Jumamosi mbili kwa muhula, maabara ifunguliwe, wenzetu wa kompyuta watufundishe, nasi tuwasaidie namna ya kuandaa somo. Miaka michache ijayo tutakuwa shuleni tukijaza alama za watoto kwenye mifumo. Alama za mtoto zikipotea na mzazi akasimama mlangoni, mwalimu anapaswa kuwa na jibu zaidi ya "mtandao unasumbua".