Kabla ya kuuliza nambari aliyoshika

MZAZI, mtoto anapokuletea ripoti ya shule, jicho lako hukimbilia wapi? Wengi wetu hutafuta nambari aliyoshika, na ikiwa mbaya nyumba haikaliki.

John Wooden, kocha wa mpira wa vikapu katika chuo kikuu cha UCLA, Marekani, hakupenda tabia hiyo. Alipokuwa mwalimu kijana miaka ya 1930, aliona wazazi wakiwakemea watoto waliojitahidi, ati kwa kuwa hawakupata alama za juu. Tangu hapo akashikilia kwamba aliyefaulu ni yule anayejua moyoni kuwa amefanya kila aliloweza.

Akaingia UCLA mwaka wa 1948. Mazoezi yalipoanza, aliwaonyesha vijana jinsi ya kuvaa soksi bila mikunjo, wasije wakatoka malengelenge. Ubingwa wa taifa wa kwanza ulikuja 1964. Kufikia 1975 alikuwa ameutwaa mara 10.

Mnamo Januari 1974, baada ya kushinda mechi 88 mfululizo, timu yake ilifungwa na Notre Dame 71-70. Kwa kipimo chake, hata siku hiyo swali lilikuwa lile lile: je, mmefanya mliloweza?

Muhula ukifungwa, muulize mwanao swali hilo kwanza. Aliyezembea, mkanye. Lakini aliyejitahidi na bado akashika mkia si mvivu. Huyo ahitaji mtu wa kuketi naye na kumwonyesha, polepole, jinsi ya kuvaa soksi.