Hesabu ya Wahamaji Isimsahau Mwenye Kuhama

Jiwe likidondoshwa, mwanafunzi wa fizikia aweza kukadiria litafika chini lini, kwani jiwe halina shauri katika safari yake. Mwanadamu analo. Hapo ndipo hesabu za uhamaji hukwama.

Mwaka 2003 wachumi walioandika ripoti kwa serikali ya Uingereza walikadiria kwamba nchi 10 zilizokaribia kuingia Umoja wa Ulaya zingeiongezea Uingereza watu kati ya 5,000 na 13,000 kwa mwaka, baada ya kuwatoa wanaoondoka. Sensa zilieleza mengine. Katika England na Wales, wakazi waliozaliwa Poland peke yake walikuwa 58,000 hivi mwaka 2001; mwaka 2011 walifika 579,000 hivi.

Kosa halikuwa la kujumlisha. Makadirio yalijengwa juu ya mwenendo wa wahamaji wa zamani. Lakini mwezi Mei 2004 ni Uingereza, Ireland na Sweden tu zilizofungua ajira mara moja. Ujerumani, jirani wa Poland, ilingoja hadi 2011. Waliokusudia kwenda Ujerumani walikuwa na sababu ya kufikiri upya. Tena, aliyetangulia humpasha aliyebaki habari za kazi na nyumba, na safari ya pili huwa nyepesi kuliko ya kwanza.

Walimu waweza kulithibitisha jambo hili darasani, kwa kanuni aliyoieleza Mark Granovetter mwaka 1978. Wapeni wanafunzi 30 namba kuanzia 0 hadi 29. Namba hiyo ni idadi ya wenzake ambao lazima watangulie ndipo naye ahame. Mwenye 0 ataondoka, mwenye 1 atamfuata, na mwishowe wote 30 watahama. Sasa yule mwenye 1 mpeni 2. Atahama mmoja tu! Wastani wa darasa haukubadilika sana, ila matokeo yamepinduka.

Kwa maoni yangu, basi, kielezo cha kihisabati si ramli. Kazi yake ni kutuonyesha ni dhana ipi inayobeba jibu. Anayetangaza jumla bila kuitaja dhana hiyo huwapotosha wananchi. Na makadirio yakikosea, lawama huwaangukia wahamaji, kana kwamba wamevunja ahadi wasiyoitoa. Hatuna budi kuwazoeza vijana kuuliza, mbele ya kila tarakimu: huyu mtu aliyehesabiwa, amedhaniwa kuwa anaamuaje?