Akiba yako haiondoe haki yako

Vijana wenzangu wa Goma, Bukavu, Uvira na Beni,

Mu mwezi wa kwanza 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na mashirika mengi ya hapa kwetu yakafunga miradi. Mwezi ule ule vita ikaingia Goma, mwezi wa pili ikafika Bukavu, banki zikafunga milango. Watu wengi walipoteza kazi kwa barua moja tu. Na mutu akilalamika, anajibiwa: "Weye ulikuwa unatumika ku ONG, uko na akiba, unalia nini?"

Jibu langu ni hili: akiba ni kitu kimoja, haki ya mutu aliyepoteza kazi ni kitu kingine.

Akiba yetu ni nini? Ni pesa ya likelemba, ya AVEC ya kartie, ya banki. Kila franka iko tayari na jina lake: minerval ya wadogo, dawa ya mama, garanti ya nyumba. Wenye waliweka ku banki walilala nayo, wakaamka wakakuta mulango umefungwa. Ukisema mwenye kuweka akiba asisaidiwe, unamwazibu kwa sababu alijinyima. Na mwenye kusikia atajifunza nini? Kula yote mwisho wa mwezi.

Kipengele cha 36 cha Katiba ya 2006 kinasema kwamba Serikali inahakikisha haki ya kazi na ulinzi juu ya ukosefu wa kazi. Hakikuandika "isipokuwa mwenye akiba".

Lakini tuangalie CNSS. Kila mwezi inapashwa kupokea 18% ya mushahara: 5% ya mufanyakazi, 13% ya mwajiri. Pesa hiyo ni ya vitu bitatu: pansheni, hatari za kazini, na posho za familia. Kwa mwenye kupoteza kazi, hakuna kitu. Kijana wa miaka 28 aliyefutwa kazi 2025 anaambiwa angoje afikishe miaka 60, ni kusema 2057. Leo atakula nini?

Wasituambie haiwezekani. Afrika Kusini mufanyakazi anatoa 1%, mwajiri 1%. Ukifutwa kazi, wanaangalia ulichochangia, hawachunguze pesa yako ya banki. Uingereza kuko milango miwili: msaada wa wenye kuchanga hauulize akiba, ule mwingine, wa maskini, unakufungia ukiwa na zaidi ya pauni 16.000. Sisi tunaomba ule mulango wa kwanza. Tunaomba bima, hatuombe sadaka.

Kuko wenye watasema hiyo ni ya watu kidogo, maana wengi Congo hawana mukataba. Ni kweli. Mimi niko na diplome ya université na sina kazi. Bima hiyo haingenilipa hata franka moja. Lakini mushahara moja wa kaka unalisha watu wangapi mu nyumba? Akiba yake ikiisha, sisi wote tunaanguka naye.

Tukingoja sheria mupya, tudai ile iko tayari. Code du travail ya 2002 inasema:

– Mukataba usio na tarehe ya mwisho: "préavis" ya siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka mzima uliotumika.
– Mukataba wenye tarehe, wakiukata mbele ya wakati bila sababu ya sheria: dai mishahara ya miezi iliyobaki.
– Pesa yote iliyobaki ilipwe mu siku 2 za kazi kisha kazi kuisha.

Hakuna mahali sheria inauliza uko na ngapi ku banki. Usisaini "solde de tout compte" mbele ya kuhesabu. Uliza namba yako ya CNSS, uone kama ile 5% waliyokukata ilifika kweli. Wakikatala, nenda ku Inspection du Travail, kisha ku tribunal.

Na kwa waheshimiwa wa Bunge: muongeze mu sheria ya CNSS tawi la wenye kupoteza kazi, lihesabu michango, lisihesabu akiba. Katiba iliahidi tangu 2006. Tumechoka kungoja.