Giza la Kweli na Giza la Kusingizia

Mchezaji wa sataranji kwenye intaneti, akiisha kupoteza malkia wake, hakiri kwamba ameshindwa. Anatoka kimya, akimwacha mwenzake akiitazama saa ikihesabu dakika. Kesho asema: “Umeme ulikatika.”

Sisi wa Lubumbashi twaijua giza. Aliyekatikiwa umeme kweli apoteze mchezo ule, kwa maana aliyengoja ana haki yake. Lakini asiongezewe adhabu nyingine. Bali yule ambaye umeme wake hukatika kila akaribiapo kushindwa, huyo afungiwe mchezo kwa muda. Kuwaadhibu wote wawili sawasawa ni uonevu. Kuwasamehe wote wawili ni uzembe. Mwenzetu, hata tusipouona uso wake, ni mtu, na muda wake si mali yetu.