FUNGA NGAMIA KWANZA

Wafugaji wa Bangale wanaijua vyema hadithi ya yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake huru, akisema kwamba amemtegemea Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) alimwagiza amfunge kwanza, kisha ategemee. Funzo hilo si la wenye ngamia peke yao. Liliwahusu hata wakubwa wa safari za angani huko Marekani, nao walipolipuuza, roho saba zilipotea.

Januari 28, 1986, chombo cha angani Challenger kiliruka kutoka Florida, na baada ya sekunde 73 kikasambaratika. Wote saba waliokuwamo walifariki, akiwemo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Chanzo kilikuwa kitu kidogo: mpira wa duara uliowekwa katika kiungo cha roketi ili gesi ya moto isivuje. Baridi ya asubuhi ile iliufanya mgumu, ukashindwa kuziba.

La kusikitisha ni kwamba hatari hiyo ilijulikana. Usiku wa kuamkia safari, mafundi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi hizo, walishauri chombo kisirushwe katika baridi kama ile. Mmoja wao, Roger Boisjoly, alikuwa ameandika onyo tangu Julai 1985. Lakini safari ilikwisha ahirishwa mara kadhaa, wakubwa wa NASA hawakuupenda ushauri huo, na mabwana wa kampuni wakawapinga mafundi wao wenyewe. Tume ya uchunguzi iligundua kwamba waliotoa idhini ya mwisho hawakuletewa habari za pingamizi hilo. Habari mbaya iliishia njiani.

Kosa la pili lilikuwa mazoea. Mipira hiyo ilikwisha unguzwa na gesi katika safari za nyuma, lakini kwa kuwa vyombo vilirudi salama, hatari ikaonekana jambo la kawaida. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2003 dosari nyingine iliyozoewa iliiangamiza Columbia na watu saba wengine.

Sasa tutazame kwetu. Aprili 2024 mafuriko ya Tana yaliikata barabara kati ya Madogo na Garissa, ile ile aipitayo msafiri wa Bangale aendapo Garissa. Watu wakavuka kwa mashua, na mojawapo ikapinduka Kona Punda. Wengine waliokolewa, wengine wakafa maji. Atakayesimama ukingoni siku nyingine kama ile huenda akaambiwa, "Mbona jana tulivuka?" Kuvuka jana si hoja ya kuvuka leo. La kuuliza ni hili: maji yamepanda kiasi gani, chombo kimebeba wangapi, na ni nani awezaye kusema "basi" nahodha akatii?

Na nyumbani je? Mtoto arudipo malishoni akasema mbuzi mmoja anakohoa, naye akakemewa kwa kuleta nuksi, kesho atanyamaza, na ugonjwa utalienea kundi zima. Dini imetuamrisha kushauriana, na hakuna ushauri pale mdogo anapoogopa kusema.

Ajali ni kadari, hakuna Mwislamu abishaye. Lakini kadari haikutuondolea wajibu wa kufunga kamba.