Mtoto Akipotea Porini, Huruma Iongozwe na Utaratibu

Mtoto akipotea porini, hapana mtu mwenye utu ambaye hubaki amekaa. Jembe huachwa shambani, duka hufungwa, na hata jirani aliyekuwa na ugomvi na wazazi wa mtoto huyo hutwaa tochi yake akaingia msituni pamoja na wenzake. Hiyo ni tabia njema, na jamii iliyoipoteza imepoteza kitu kikubwa. Hata hivyo, huruma peke yake haimrudishi mtoto nyumbani. Yako mambo yaliyokwisha kutokea duniani yanayoonyesha kwamba umati wenye moyo mwema, lakini usio na utaratibu, unaweza kuifuta kwa miguu yake njia pekee ya kumfikia mtoto huyo. Ni jambo chungu kulisema, lakini lisiposemwa kabla ya msiba, halitasikilizwa wakati wa msiba.

Tarehe 14 Juni 1969, kule Marekani, jamaa moja ilikuwa matembezini katika Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, iliyo mpakani mwa majimbo ya Tennessee na North Carolina. Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Siku ya Akina Baba, na kwa jamaa hiyo kupanda milima siku hizo ilikuwa desturi. Walikuwapo babu, baba na watoto. Walipofika mahali pa wazi penye majani paitwapo Spence Field, watoto walipatana kuwafanyia wakubwa mzaha: wajifiche vichakani, kisha wawatokee kwa nyuma na kuwashtua. Wenzake walipita upande mmoja. Mtoto mwenye umri wa miaka 6, aliyevaa shati jekundu, alipita upande wake peke yake. Wenzake walitokeza wakicheka. Yeye hakutokeza. Baba yake alianza kumtafuta baada ya dakika chache tu. Mpaka leo mtoto huyo hajaonekana, wala hakuna ajuaye kwa hakika yaliyompata.

Katika kisa hicho hapakuwa na uzembe wa namna ambayo watu huwa wepesi kuinyoshea kidole. Baba na babu walikuwapo, mchana ulikuwa mweupe, na mtoto aliondoka machoni pao kwa muda mfupi mno. Ndiyo sababu kisa chenyewe kinamhusu kila mzazi. Ilimbidi babu ashuke mlima kwa miguu kwenda kuwapasha habari walinzi wa hifadhi, na saa kadhaa zilipita kabla hajawafikia. Jioni hiyo ikanyesha mvua kubwa, inayokaribia inchi 3. Vijito vilifurika, njia zikageuka matope, na nyayo za mtoto pamoja na harufu ambayo mbwa wangeweza kuifuata zikasombwa na maji.

Lililofuata ndilo hasa linalopaswa kuzingatiwa. Habari zilipoenea, watu walimiminika kwa mamia. Walikuja wanafunzi, wazima moto, skauti, wanajeshi, na hata askari wa kikosi maalumu cha Green Berets waliokuwa mazoezini karibu na hapo. Helikopta zilipaa. Wakati shughuli ilipopamba moto kabisa, watafutaji walifika kiasi cha 1,400. Kila mmoja alikuja kwa nia safi. Lakini kila mmoja alikuja pia na viatu vyake, na viatu hivyo vilikanyaga matope yale yale ambayo ndani yake pengine ilikuwapo alama ndogo ya mguu wa mtoto. Mahali palipohitaji macho machache yenye utulivu palijaa miguu mingi yenye haraka.

Tena iko habari moja inayouma zaidi. Katika utafutaji huo zilionekana nyayo za mtoto zikielekea kijitoni, na hapo zikapotea. Wakati ule ziliamuliwa kuwa si zake, kwa kuwa watoto wa skauti walikuwa wakisaidia katika eneo hilo. Miaka mingi baadaye Dwight McCarter, mlinzi mstaafu wa hifadhi hiyo na bingwa wa kufuata nyayo, alilipinga wazo hilo. Alieleza kwamba nyayo hizo zilionyesha mguu mmoja ukiwa na kiatu na wa pili ukiwa mtupu, na kwamba hapakuwa na skauti aliyetembea hivyo. Huenda zilikuwa za mtoto aliyepotea, na huenda hazikuwa zake. Ila jambo moja halina ubishi: endapo waliokanyaga mahali hapo wangekuwa wachache na wanaojulikana, swali hilo lingejibiwa siku ile ile. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kushindwa huko kuliwafanya wakuu wa hifadhi za Marekani kuupima upya utaratibu wao wa kutafuta watu. Lakini somo la pili, linalomhusu mtoto mwenyewe, lilikuja baada ya msiba mwingine. Mwezi Februari 1981, mtoto wa miaka 9 alipotea katika mlima wa Palomar, jimboni California, alipokuwa akitembea pamoja na ndugu zake. Mamia ya watu walimtafuta. Alipopatikana, baridi ilikuwa imekwisha kumuua. Miongoni mwa watafutaji alikuwamo Ab Taylor, afisa wa doria ya mipakani aliyesifika kwa kufuata nyayo. Yeye na wenzake walikataa kuliacha jambo lile liishie makaburini. Walianzisha mafunzo kwa watoto wa shule yaitwayo Hug-a-Tree, yaani Kumbatia Mti, ambayo baadaye yalienea hata Kanada.

Msingi wa mafunzo hayo ni maneno machache ambayo hata mtoto wa chekechea aweza kuyashika: ukijua kwamba umepotea, simama, tafuta mti mmoja, ukae hapo hapo. Mti ni rafiki wa kukaa naye mpaka watu wafike. Wapo watakaoliona hilo kuwa jambo dogo, lakini hesabu inaonyesha uzito wake. Mtoto akiwa umbali wa kilomita 1 kutoka mahali alipoonekana mwisho, na upande alioelekea haujulikani, eneo la kutafuta ni kilomita za mraba 3 na kidogo. Akienda kilomita 3, eneo hilo huwa kilomita za mraba 28. Akifika kilomita 5, huwa zaidi ya 78. Kwa hiyo kila hatua anayopiga mtoto aliyepotea huongeza kazi ya watafutaji kuliko yeye awezavyo kudhani, na kila saa anayotulia huwapunguzia kazi hiyo.

Mafunzo hayo yana mambo mengine ambayo hayahitaji fedha nyingi. Mtoto aendaye matembezini apewe filimbi, kwa maana sauti ya filimbi hufika mbali na haimchoshi kama kupiga kelele. Apewe pia kipande cha nailoni au turubai jepesi cha kujikinga na mvua na upepo, kwa sababu mwili uliolowana hupoteza joto upesi hata mahali pasipo na theluji. Nao wazazi, kabla ya safari, wapate alama ya soli ya kiatu cha mtoto kwa kumkanyagisha juu ya karatasi ya aluminiamu iliyowekwa juu ya kitambaa laini. Siku ya shida, mfuata nyayo atajua hasa anachokitafuta, wala hapatakuwa na mabishano kama yale ya mwaka 1969.

Lakini lipo jambo jingine linalotokana na malezi yenyewe, nalo halinunuliwi dukani. Watafutaji wengi wenye uzoefu wanajua kwamba mtoto mdogo aliyepotea mara nyingi haitiki anapoitwa. Hujificha. Wageni humtia hofu, na pia anaogopa adhabu. Hapa yafaa wazazi wa Kiswahili wajiulize. Ni mara ngapi mtoto huambiwa, "Ukipotea, leo utanitambua"? Ni mara ngapi hutishwa kwamba asipotulia polisi atakuja kumchukua, au mumiani atamnyonya damu? Mtoto aliyelelewa kwa maneno hayo, akimwona askari mwenye sare na tochi akimjia usiku kichakani, hamwoni mwokozi. Anamwona mtu yule aliyetishiwa naye, basi huzidi kujibana kimya huku jina lake likiitwa hatua chache kutoka alipo. Mzazi anayempenda mtoto wake amwambie mapema na mara kwa mara: ukipotea hutapigwa, watu wengi watakuja kukutafuta, ukisikia jina lako, itika.

Kwamba malezi na utaratibu vinaweza kuokoa maisha si nadharia. Mwishoni mwa Desemba 2024, nchini Zimbabwe, mtoto ambaye hajatimiza miaka 10 aliondoka kijijini kwao akapotea ndani ya hifadhi ya Matusadona, karibu na Ziwa Kariba. Hiyo ni nchi ya simba na tembo. Aliishi humo siku tano. Alilala juu ya miamba, akala matunda ya mwituni aliyoyajua, na akapata maji kwa kufukua mchanga wa mito iliyokauka, maarifa ambayo watoto wa sehemu hizo kame hufundishwa nyumbani. Wanakijiji walipiga ngoma kila siku ili sauti imwonyeshe upande wa kwao. Walinzi wa hifadhi nao walifuata nyayo. Mtoto alisikia gari lao na kulikimbilia, lakini likapita kabla hajafika. Waliporudi, waliona alama mpya za miguu midogo mchangani, wakazifuata, wakampata akiwa hai. Kila kundi lilifanya kazi yake mahali pake: ngoma zililia kijijini, na nyayo zikabaki wazi porini mpaka wenye kuzisoma walipofika.

Tanzania nayo haina haki ya kuyaona mambo haya kuwa ya ng'ambo. Watoto huchunga mifugo mbali na makwao, huokota kuni, na hukata njia za mkato kwenda shule. Jamaa za mijini nazo hupeleka watoto kutembea katika misitu ya Usambara na Uluguru na kwenye mitelemko ya Kilimanjaro, mahali ambapo ukungu huweza kushuka ghafla na kuficha njia. Kijiji kina viongozi wake, kina mgambo wake, na wazee wanaosoma nyayo za ng'ombe aliyeibwa kama watu wengine wasomavyo gazeti. Watu na ujuzi vimo. Kinachokosekana mara nyingi ni kupanga mapema nani atafanya nini siku mbiu itakapolia.

Mpango huo si mgumu. Jambo la kwanza ni kutoa habari mara moja, bila kusubiri giza wala kuona haya. La pili ni kumtambua kiongozi mmoja wa utafutaji, ambaye amri yake itafuatwa na wote, wakiwamo wakubwa watakaofika baadaye. La tatu ni kulinda mahali mtoto alipoonekana mwisho, pasikanyagwe na yeyote mpaka wafuata nyayo wawili au watatu wapatazame. La nne ni kuandika majina ya wanaoingia msituni, upande waliopewa na saa ya kurudi, ili asije akapotea mwingine katika kumtafuta wa kwanza. La tano ni kuwa na vipindi vya kunyamaza. Umati unaoita bila kupumzika hauwezi kusikia sauti dhaifu ya mtoto.

Watakuwapo watakaouliza: je, majirani wazuiwe kando huku mama analia na jua linazama? La, hasha. Hapana anayeambiwa akae bure. Wengi wapangwe pembezoni, kwenye njia panda, barabarani, visimani na vivukoni, mahali ambapo mtoto anayetembea huweza kutokea. Wengine wawashe mioto ya kuonekana kwa mbali na kupiga ngoma kutoka mahali pamoja pasipobadilika. Wachache wenye ujuzi ndio watangulie ndani. Alama zikishindikana kuonekana, hapo ndipo watu wengi waingie kwa mistari iliyopangwa, kila mmoja akimwona mwenzake wa kulia na wa kushoto. Kwa njia hiyo nguvu ya wengi haipotei bure, wala haigeuki kuwa pingamizi.

Hayo yote hayasubiri bajeti mpya wala mtaalamu kutoka nje. Mwalimu anaweza kuwafundisha wanafunzi kukaa kando ya mti kwa kipindi kimoja kabla ya likizo. Serikali ya kijiji inaweza kumteua kiongozi wa utafutaji katika mkutano wake wa kawaida, na mgambo wanaweza kufanya mazoezi ya kutafuta mchana mmoja. Wanaoongoza jamaa na wanafunzi milimani wanaweza kuwahesabu watoto kila wanapopumzika, na kumweka mtu mzima mbele na mwingine nyuma. Wahenga walisema, ikilia mbiu ya mgambo, ina jambo. Siku itakapolia kwa ajili ya mtoto, kila anayeisikia awe anajua tayari mahali pake pa kusimama.