Historia kwa wimbo: Lugulu inaweza kujifunza nini kutoka Marekani?

Katika mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi wa Historia wa kidato cha nne nchini Kenya hulazimika kukariri jinsi rais wa Marekani anavyochaguliwa na mihimili ya serikali yake, ayaandike mtihanini, kisha ayasahau. Swali linalowakabili walimu sasa ni iwapo muziki na sanaa vinaweza kuifanya historia, ya ugenini na ya nyumbani, ieleweke na kudumu.

Lugulu, kwenye barabara ya Webuye kuelekea Kitale, ni mahali pafaapo kulipima swali hilo. Elimu na tiba ziliota mizizi hapo kupitia Kanisa la Marafiki, maarufu kama Quaker, ambalo wamishenari wake kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902. Waumini wa kanisa hilohilo ndio walioandika mojawapo ya malalamiko ya mwanzo kabisa dhidi ya utumwa katika makoloni ya Amerika, huko Germantown, Pennsylvania, mwaka 1688. Hivyo historia ya Marekani haiko mbali na Lugulu kama vitabu vinavyoashiria.

Wamarekani wenyewe wameijaribu njia ya wimbo. Baada ya tamthilia ya muziki ya Hamilton kupata umaarufu Broadway mwaka 2015, Taasisi ya Gilder Lehrman ilianzisha mpango wa masomo kwa wanafunzi wa shule za umma za New York mwaka 2016. Wanafunzi husoma barua na hotuba za enzi za mapinduzi, kisha hutunga wimbo, shairi au igizo lao. Utaratibu huo ndio siri yake: hati hutangulia, wimbo hufuata.

Hata hivyo, wimbo nao hupotosha. Baadhi ya wanahistoria waliilaumu Hamilton kwa kuwapamba waasisi wa taifa na kuupitia utumwa juu juu. Kenya inalifahamu tatizo hilo. Katika enzi ya Nyayo, kwaya za shule ziliimba sifa za watawala, na yaliyowaudhi wakubwa hayakuimbwa.

Bungoma haikosi malighafi. Mwaka 1895, Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza kwenye ngome za Lumboka na Chetambe, mikuki ikikabili bunduki za Maxim. Kumbukumbu za aina hiyo zimehifadhiwa na wapigaji litungu, na pia katika kumuse, hotuba ya mazishi ya mzee mheshimiwa ambapo msemaji huzipitia koo na vizazi. Wanaoyafahamu hayo kwa kina wanazidi kupungua, na kila anayezikwa huondoka na sehemu ya maktaba.

Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limewapa wanafunzi jukwaa la kuziimba nyimbo za jamii zao. Lakini mara nyingi safari huishia kwenye kombe. Mwanafunzi hutikisa mabega katika kamabeka na kushangiliwa bila kuulizwa wimbo unasimulia tukio gani, nani aliutunga, na upande wa pili ungesema nini.

Mtaala wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza walijiunga na Gredi ya 10 Januari 2026, ulitarajiwa kuliziba pengo hilo. Lakini Muziki umewekwa katika mkondo wa Sanaa na Sayansi za Michezo, ilhali Historia na Uraia umo katika Sayansi za Jamii. Mwenye sauti na mwenye kumbukumbu wanaweza kupita njia mbili wasikutane.

Kuwakutanisha hakuhitaji fedha nyingi. Kinachohitajika ni mwalimu wa historia na wa muziki kupanga kazi moja: wanafunzi wawahoji wazee, walinganishe simulizi na maandishi ya wakoloni, kisha watunge. Alama zitolewe kwa utafiti kabla ya sauti. Kijana atakayeipima Chetambe kwa njia hiyo hatashindwa kuipima Germantown. La sivyo, nyimbo zitaendelea kuimbwa Lugulu na historia itaendelea kukaririwa, kila moja peke yake.